Bibi shamba na mlipuko: maswali yanayoulizwa mara kwa mara kuhusu ugani wa vyuo vikuu vya Marekani

Ukihamia Marekani ukitokea Kigoma, Uvira au Mombasa, kuna ofisi moja ambayo huenda ukaipita mara mia bila kuingia. Mara nyingi iko jirani na mahakama ya kaunti au uwanja wa maonyesho ya kilimo. Kibao chake kina jina la chuo kikuu na neno Extension, na ndani mna mtu anayejua kwa nini nyanya zako zinaoza kitako. Mtu huyohuyo ndiye aliyekuwa akipokea simu za corona mwaka 2020. Maswali ya hapa chini ni yale ambayo wasemaji wa Kiswahili huuliza wakisikia habari hii mara ya kwanza, pamoja na mengine ambayo huulizwa baadaye, watu wakishakaa kimya kidogo.

Bwana shamba kaajiriwa na chuo kikuu? Inakuwaje?

Ndivyo ilivyo. Tanzania afisa ugani ni mtu wa halmashauri. Kenya, tangu ugatuzi wa 2013, ni mtu wa kaunti. Marekani walipita njia nyingine. Mwaka 1862 Rais Abraham Lincoln alitia saini sheria iliyoyapa majimbo ardhi ya serikali kuu wafungulie vyuo vya kilimo na ufundi. (Ardhi yenyewe kwa sehemu kubwa ilikuwa imetwaliwa kwa wenyeji wa asili wa bara lile, na vyuo hivyo vimechelewa sana kulisema hilo kwa sauti.) Mwaka 1890 sheria ya pili ikayabana majimbo yaliyokuwa yakiwabagua Weusi: ama wapokelewe chuoni, ama wapewe vyuo vyao. Vyuo vya makabila ya wenyeji viliingizwa mwaka 1994. Leo vyote kwa pamoja vinazidi 100.

Chuo peke yake si ugani, lakini. Ugani ulizaliwa tarehe 8 Mei 1914, kwa sheria inayoitwa Smith-Lever, iliyosema kwamba elimu ya chuo isingoje mkulima aje kuifuata. Itoke, imfuate alipo. Fedha hutoka mifuko mitatu, yaani serikali kuu, jimbo na kaunti, na ndiyo maana karibu kila kaunti ina ofisi au inachangia moja na jirani yake.

Sasa mtu wa mahindi anaingiaje kwenye magonjwa?

Anaingia kwa mlango wa jikoni. Sheria ya 1914 ilitaja kilimo na maarifa ya nyumbani kwa pumzi moja, kwa hiyo tangu mwanzo kulikuwa na mabwana shamba, na kulikuwa na kina mama waliokwenda nyumba kwa nyumba kufundisha kuhifadhi mboga kwenye chupa, kuweka wavu madirishani na kukilinda kisima kisiingie uchafu wa choo.

Daktari atakuambia unaumwa nini. Idara ya afya itatangaza kilichozuka mjini. Linabaki swali la tatu, na hilo halina mwenyewe: kesho asubuhi nikiamka nifanye nini, kwa sufuria hizi nilizo nazo, kwa maji haya, na watoto hawa watatu? Ugani, ukifanya kazi yake sawasawa, unalijibu swali hilo. Haya mengine yote hapa chini ni matawi yake tu.

Kazi hii ilianza na corona?

Hapana. Ile homa ya mafua ya 1918 iliikuta sheria ya ugani ina miaka minne tu. Huko North Carolina, kina mama wa ugani waliokuwa wakifundisha kuhifadhi vyakula waligeuka wapishi wa nyumba ambazo kila mtu alikuwa kitandani: wakafungua majiko ya pamoja, wakapika supu, wakaipeleka mlangoni. Hakuna aliyewaandikia mwongozo. Walijua nani anakaa wapi na nani ana watoto wangapi, wakaanzia hapo.

Mfano mwingine uko Alabama, katika chuo cha Tuskegee. Mwaka 1906, yaani kabla hata ya sheria yenyewe, George Washington Carver na wenzake walitengeneza mkokoteni wa kukokotwa na nyumbu, uliojaa zana, mbegu na mashine ya kutenga siagi. Thomas Monroe Campbell, mtu Mweusi wa kwanza kuajiriwa kama afisa ugani, akawa anauendesha kutoka shamba hadi shamba. Ilipofika 1923 mkokoteni ulikuwa umekuwa lori, na humo ndani mlikuwa na watu watatu: bwana shamba, bibi wa maarifa ya nyumbani, na muuguzi. Mtu aliyeamua kumpakia muuguzi pamoja na jembe alikuwa ameelewa jambo ambalo wizara nyingi mpaka leo zinalifanyia semina.

Mwaka 2020 walifanya nini hasa?

Wiki za kwanza walijibu simu. Ukikumbuka Machi na Aprili ile, watu walikuwa wakipangusa pakiti za unga kwa dawa, wengine wakiosha mchicha kwa sabuni, wengine kwa jiki. Vituo vya kushughulikia sumu nchini Marekani vilipata simu nyingi kuliko kawaida kuhusu dawa za kusafishia, na CDC, kituo cha taifa cha kudhibiti magonjwa, kiliripoti hivyo mwezi Aprili. Wataalamu wa usalama wa chakula wa vyuo kama North Carolina State wakaandika majibu ya ukurasa mmoja mmoja: hatari kubwa iko hewani kwa mtu aliye mbele yako, pakiti si tatizo, mboga osha kwa maji yanayotiririka, sabuni na jiki haviliwi. Ofisi za majimbo mengine ziliyachukua majibu hayo zikayasambaza, na baadhi zikayatafsiri. Naona hiyo ndiyo kazi yao bora kuliko zote za mwaka ule, ingawa haina picha nzuri ya kuweka gazetini.

Kisha likaja wimbi la bustani. Watu waliofungiwa majumbani walilima, wakavuna kuliko walivyoweza kula, wakataka kuhifadhi kwenye chupa za kioo, hata mifuniko ya chupa ikaadimika madukani. Hapa hatari ni ya kweli. Maharage mabichi, mahindi na nyama havina uchachu wa kutosha, na mbegu za bakteria wa botulizimu hazifi kwa maji yanayochemka kwa nyuzi 100. Zinahitaji jiko la mvuke wa shinikizo linalofika nyuzi 116 hivi. Kituo cha taifa cha uhifadhi wa vyakula vya nyumbani, kilichoko Chuo Kikuu cha Georgia, ndicho kinachotoa vipimo vinavyofuatwa. Bibi yako aliyehifadhi kwa oveni akapona alikuwa na bahati, na bahati hairithiwi.

Vijana wa 4-H, klabu za vijana zilizo chini ya ugani, walishona barakoa. Wenye mashine za kuchapisha vitu vya plastiki walitengeneza ngao za uso. Baadhi ya ofisi zilielekeza intaneti yao kwenye maegesho ili mtoto afanye kazi ya shule akiwa ndani ya gari la mzazi.

Mwaka 2021 ukaja mpango ulioitwa EXCITE, fedha za CDC zikipitia wizara ya kilimo mpaka kwa wagani, kwa ajili ya elimu ya chanjo vijijini. Hoja ilikuwa rahisi. Mkulima asiyetaka kumsikia mtu wa serikali kwenye televisheni anaweza kumsikia yule aliyempimia udongo mwaka juzi. Haikufaulu kila mahali, na mahali pengine wagani wenyewe waliogopa kupoteza wateja kwa kulitaja tu neno chanjo. Ila palipokuwa na uhusiano wa zamani, angalau mlango ulifunguliwa wakaongea.

Flint ilikuwaje? Nasikia maji yalitiwa sumu.

Hayakutiwa sumu na mtu kwa makusudi, ila matokeo kwa mtoto ni yaleyale. Flint ni mji wa Michigan, uliokuwa na watu wapatao 100,000 wakati huo, wengi wao Weusi na wengi maskini. Mji ulikuwa chini ya msimamizi wa dharura aliyewekwa na jimbo ili kubana matumizi. Aprili 2014 ukaacha kununua maji ya Detroit, ukaanza kuchota Mto Flint. Maji ya mto yalikuwa makali kwa mabomba, na hayakuwekewa dawa ya kuzuia kutu. Mabomba ya zamani yakaanza kumomonyoka, na madini ya risasi yakaingia kwenye glasi.

Wakazi waliona. Maji yalikuwa na rangi ya chai na harufu, watoto wakatoka vipele. Waliambiwa ni salama. Walishika chupa za maji hayo mikutanoni, wakaambiwa tena ni salama. Mwaka 2015 timu ya Marc Edwards wa Virginia Tech, ambacho nacho ni chuo cha mkondo huohuo wa 1862, iliwatumia wakazi vifaa wachote sampuli wenyewe. Zaidi ya nyumba 250 zilirudisha, na risasi ikaonekana. Septemba mwaka huo daktari wa watoto Mona Hanna-Attisha akaonyesha kwamba risasi ilikuwa imepanda katika damu ya watoto. Mwezi uliofuata mji ukarudi kwenye maji ya Detroit.

Hapo ndipo swali la kesho asubuhi lilipoanza kugonga. Mama ana mtoto wa mwaka mmoja ambaye amekwisha kunywa. Afanye nini? Wagani wa Chuo Kikuu cha Jimbo la Michigan hawakuwa na dawa ya kuitoa risasi mwilini. Walichokuwa nacho ni chakula. Mtoto mwenye njaa na upungufu wa madini ya chuma na kalisi hufyonza risasi zaidi, kwa hiyo walifundisha mapishi: mboga za majani na maharage kwa ajili ya chuma, maziwa na mtindi kwa kalisi, machungwa na pilipili hoho kwa vitamini C inayosaidia chuma kiingie, na mtoto asikae na tumbo tupu muda mrefu.

Kisha kulikuwa na vitu vidogo ambavyo tangazo la redio halivifikii. Kichujio cha koki kinatumiwa kwa maji baridi tu. Kile kiwavu kilicho mdomoni mwa koki kifunguliwe kisafishwe, maana chembe hukaa humo. Maziwa ya unga ya mtoto yachanganywe kwa maji ya chupa au yaliyochujwa. Na lile linalotuhusu sana sisi tuliolelewa kwa kuambiwa chemsha maji: kuchemsha hakuondoi risasi. Maji hupungua kwa mvuke, risasi inabaki, sufuria inazidi kuwa kali. Fikiria mkanganyiko wa watu wa Flint, ambao Agosti na Septemba 2014 walikuwa wametangaziwa wachemshe maji kwa sababu ya bakteria. Ushauri wa mwaka mmoja ukawa kosa la mwaka uliofuata.

Wenye bustani waliuliza kama sukumawiki iliyomwagiliwa maji yale inalika. Jibu lilimshangaza mtu: mmea huvuta risasi kidogo, na hofu kubwa zaidi ni udongo ulio karibu na kuta za nyumba za zamani, ambao una risasi ya rangi iliyobanduka miaka mingi kabla ya mto kuguswa. Pima udongo, panda mbali na ukuta, osha majani, menya viazi.

Serikali ikinitumia mtu mwema, nitajuaje hakutumwa kwa jambo jingine?

Hili ndilo swali la baada ya kimya.

Rudi Tuskegee. Kaunti ile ile ya Macon, chuo kile kile chenye lori lililombeba muuguzi. Mwaka 1915 Booker T. Washington alianzisha kutoka hapo wiki ya kitaifa ya afya ya Weusi, ya kusafisha visima na nyumba. Miaka 17 baadaye, 1932, idara ya afya ya serikali kuu ilianza mahali hapo utafiti juu ya wanaume Weusi 600, kati yao 399 wakiwa na kaswende. Hawakuambiwa ugonjwa wao. Waliambiwa wana damu mbaya, wanatibiwa bure. Penisilini ilipothibitika kuwa tiba katika miaka ya 1940, hawakupewa. Utafiti ulikoma 1972 tu, baada ya habari kutoka magazetini, na Rais Bill Clinton aliomba radhi kwa niaba ya taifa Mei 1997.

Kwa hiyo mzee Mweusi wa Alabama aliposita kuchanjwa mwaka 2021, alikuwa anakumbuka, na anayemwita mjinga hakusoma. Imani iliyojengwa na mkokoteni wa Carver, chuo kile kile kilikuja kuikopesha kwa watu wengine, wakaitumia vibaya. Ugani wenyewe nao haukuwa msafi: kusini mwa nchi mpaka miaka ya 1960 wagani Weusi walikuwa na ofisi zao, mishahara midogo na wakuu wazungu.

Jibu langu ni kwamba huwezi kujua kwa kumtazama mtu. Unaweza kuuliza. Nani amelipia hili? Taarifa zangu zinakwenda wapi? Nikikataa, napoteza nini? Ofisa mzuri hatakasirika. Akikasirika, hilo nalo ni jibu.

Kwetu kumewahi kuwa na kitu kama hiki?

Kumewahi, na kwa ukubwa ambao Mmarekani akisikia anaweka kalamu chini. Mwaka 1973 Tanzania iliendesha kampeni ya Mtu ni Afya. Aliyeiongoza ni Taasisi ya Elimu ya Watu Wazima, ambayo wakati huo ilikuwa bado sehemu ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Mizizi yake ni tawi la masomo ya nje lililofunguliwa na Makerere mwaka 1960. Ilijitegemea rasmi mwaka 1975. Kwa maneno mengine ulikuwa ugani wa chuo kikuu, ila hakuna aliyeuita hivyo.

Kwa majuma 12 watu waliketi makundi makundi kuzunguka redio. Kipindi kikiisha, kiongozi wa kundi alisoma kijitabu kwa sauti, kisha watu wakajadiliana: mbu wetu wanazaliana wapi hapa hapa kijijini? Malaria, kuhara damu, kichocho, minyoo ya safura, kifua kikuu. Kundi halikutawanyika bila kukubaliana kazi. Kufyeka majani, kuchemsha maji, na zaidi ya yote kuchimba vyoo, ambavyo vilichimbwa kwa mamia ya maelfu. Washiriki walikuwa watu wapatao milioni 2, katika nchi ambayo haikufika milioni 15.

Siri haikuwa redio. Redio husema na kila mtu, na anayesema na kila mtu hamwambii mtu yeyote achimbe leo. Kundi ndilo lililochimba. Waliobaki na kumbukumbu ya miaka ile watakuambia pia kwamba kulikuwa na shuruti ya chama ndani yake, na vyoo vingine vilichimbwa ili mjumbe avione tu. Nakubali. Choo kilichochimbwa kwa aibu nacho kinazuia safura, mradi kitumiwe.

Na siku hizi? Vyuo vyetu viko wapi gonjwa likizuka?

Chukua sumukuvu. Mwaka 2016, katika mikoa ya Dodoma na Manyara, watu walianza kutapika, kuumwa tumbo, kuvimba, macho yakawa manjano. Wagonjwa 68 walihesabiwa, 20 wakafariki. Ilikuwa ni ugali wa mahindi ya nyumbani, yaliyoota ukungu unaotoa sumu inayoua ini. Kenya ilikuwa imepigwa vibaya zaidi mwaka 2004, hasa Makueni na Kitui: wagonjwa 317, vifo 125.

Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo, Morogoro, na Taasisi ya Nelson Mandela, Arusha, zina watafiti wanaoijua sumukuvu vizuri kabisa. Shida yetu haiko maabara. Mtafiti ni wa chuo, bwana shamba ni wa halmashauri, mganga ni wa wizara nyingine, na katikati yao kuna korongo ambalo wakati wa mvua halivukiki. Mgonjwa anafika zahanati akiwa na macho ya manjano, na anayepaswa kuuliza mahindi yalianikwa wapi yuko ofisi nyingine, hana pikipiki.

Ambacho kingepaswa kumfikia kila mwenye ghala ni hiki. Kupika hakuui sumukuvu. Usianike mahindi chini kwenye udongo, tandika turubai. Chambua punje zilizovunjika, zilizobadilika rangi na zenye ukungu, na usimpe ng'ombe wa maziwa hizo ulizotoa, maana sumu hupita ikaingia katika maziwa. Kukoboa kunapunguza sana, kwa hiyo dona la mahindi yenye mashaka ni hatari kuliko sembe. Kama huna kipimo cha unyevu, tia mahindi theluthi ya chupa kavu, ongeza vijiko viwili vitatu vya chumvi kavu, funga, tikisa dakika chache, acha robo saa. Chumvi ikiganda kwenye kioo, mahindi bado mabichi, rudisha juani. Isipoganda, unyevu uko chini ya asilimia 15. Ongeza siku ya jua ufikie 13 hivi ndipo uhifadhi.

Kisha kuna ile mifuko ya matabaka matatu iitwayo PICS. Herufi ya kwanza ni ya Purdue, chuo cha Indiana kilicho na ofisi za ugani za aina tunayoizungumzia. Utafiti wake ulianza Cameroon miaka ya 1980, kwa ajili ya kunde. Inawanyima wadudu hewa wakafa bila dawa. Lakini mfuko hauondoi sumu iliyokwisha ingia, na ukitia mahindi mabichi humo umeyaotesha mwenyewe.

Watanihudumia kwa Kiswahili?

Sheria iko upande wako: taasisi inayopokea fedha za serikali kuu, kwa mujibu wa sheria ya haki za raia ya 1964, haipaswi kukubagua kwa sababu ya nchi uliyotoka, na kwa miaka mingi hilo limechukuliwa kuwa linagusa na lugha. Omba mkalimani. Omba kabla ya siku ya darasa, si siku yenyewe.

Uzoefu ni mchanganyiko. Wakati wa corona karatasi za Kiswahili zilikuwapo, nyingine zimeandikwa vizuri, nyingine unasoma mistari mitatu huelewi kama unaambiwa ukae ndani au utoke. Kuna na tatizo ambalo mwenye ofisi halioni: mtu wa Bukavu au Lubumbashi hasomi Kiswahili cha Dodoma kwa raha. Maneno mengi ya hospitali anayajua kwa Kifaransa. Baadhi ya waliofanya kazi bega kwa bega kwenye viwanda vya nyama, ambako maambukizi yalienea sana mwaka 2020, walikuja kama wakimbizi kutoka Congo. Kwao, dakika mbili za sauti ya mtu wa kwao kwenye WhatsApp zilifanya kazi kuliko karatasi ya rangi nne. Kama wewe ndiye mwenye sauti hiyo, nenda ofisini ujitolee kusoma tafsiri kabla haijachapishwa.

Ni bure? Wataniuliza karatasi za uhamiaji?

Ushauri na karatasi za maelezo kwa kawaida ni bure. Kupima udongo hulipiwa kidogo, na madarasa mengine yana ada. Kuhudhuria darasa hakuhitaji uraia.

Kuna programu ya lishe iitwayo EFNEP, iliyoanza 1969, ambayo huajiri watu wa mtaa wenyewe wafundishe majirani zao. Kwa mama wa Kiswahili anayetafuta kazi ya kuanzia, ulizia. Dada yake, SNAP-Ed, iliyofundisha lishe kwa familia zenye kipato kidogo, ilikatiwa fedha na sheria ya Julai 2025. Ofisi kadhaa zilipoteza watu, na waliopotea ndio hasa waliokuwa wanaijua mitaa maskini. Mlipuko ujao utawakuta hawapo.

Wanashughulika na mambo ya akili pia?

Ndiyo, na wamefanya hivyo siku nyingi. Madeni ya wakulima yalipofumuka miaka ya 1980 na watu wakaanza kujiua, ugani wa Iowa ulifungua mwaka 1985 simu ya msaada iitwayo Iowa Concern, na ipo mpaka leo. Kwenye janga la dawa za kulevya za maumivu wamekuwa wakifundisha familia zenye watoto wanaobalehe. Ila mtu akiwa katika hatari ya kujiua usiku huu, simu ni 988.

Mafua ya ndege je? Nafuga kuku sita nyuma ya nyumba.

Virusi vya H5N1 viligunduliwa kwa ng'ombe wa maziwa Machi 2024, Texas na Kansas. Maziwa yaliyochemshwa kiwandani ni salama. Maziwa mabichi ya kununua shambani, hata kama unayapenda kwa mgando, yaache kwa sasa au yachemshe. Kuku wako wazuie wasichangamane na bata wa mwituni, uwe na viatu vya bandani peke yake, na wakifa wawili watatu ghafla usiwachinje wengine kuwawahi. Piga simu ofisi ya ugani.

Ni nini hawawezi kunifanyia?

Hawakupimi, hawakuandikii dawa, hawachomi sindano wenyewe, hawatoi chakula cha msaada ingawa watajua kinatolewa wapi. Ukishindwa kupumua ni 911, si ofisi ya ugani.

Nikienda, nibebe nini?

Beba kitu chenyewe. Jani lenye madoa ndani ya mfuko wa karatasi, si wa plastiki, litaoza njiani. Udongo kikombe kimoja, umechotwa sehemu kadhaa za bustani ukachanganywa. Chupa ya maharage ambayo mfuniko wake umevimba ibaki nyumbani, usiifungue wala kuionja, ipige picha. Maji ya kisima usichote kwa chupa ya soda, waombe kwanza chupa yao ya kupimia. Na kama kuna karatasi uliyopewa hospitalini ambayo hukuielewa, ichukue pia, uwaambie hukuielewa.